Vioo vya Mapambo Nyumbani: Hukumu Yake, na Namna ya Kuvitundika Bila ya Kuvunja Sitara

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Ahli zake, Sahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'd.

Ndugu zangu Waislamu, miaka hii nyumba zetu za Unguja na Pemba zimejaa vioo. Kuna vioo vya ukumbini vyenye fremu za rangi ya dhahabu, vioo virefu vya kuegemeza ukutani, milango ya makabati iliyo kioo kuanzia juu mpaka chini, na madirisha ya aluminiamu yenye vioo vya kung'aa. Kwa hivyo maswali yamekuwa mengi. Je, kupamba nyumba kwa vioo kunajuzu? Je, taswira iliyomo kiooni ni katika picha zilizokatazwa? Je, swala inasihi mbele ya kioo? Je, ni kweli kuwa kioo hufunikwa radi inapopiga?

Tutayajibu yote, in shaa Allah. Lakini kuna swali moja ambalo watu hawaliulizi, nalo ndilo lenye uzito kuliko yote: kioo hiki nikikitundika hapa, nani ataona nini kupitia kwake? Mengi ya makosa yanayotokea kwa vioo hayatokani na kioo chenyewe. Yanatokana na mahali kilipowekwa.

1. Asili yake ni halali

Kanuni waliyoiweka wanavyuoni ni kuwa asili ya vitu vya matumizi ni uhalali, mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Hakuna dalili inayokataza kioo. Kioo kilijulikana tangu zama za Sahaba, ingawa vya wakati huo vilikuwa madini yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa. Imam Bukhari ametaja katika mlango wa Hija kauli ya Ibn Abbas (R.A) kuwa aliyehirimia anaruhusiwa kutazama kioo. Ikiwa kinaruhusiwa kwa aliyevaa ihramu, kwa mtu aliye nyumbani kwake ni rahisi zaidi.

Na uzuri ni jambo linalopendwa katika dini yetu. Mtume (S.A.W) ametufundisha kuwa Allah ni Mzuri na anapenda uzuri, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Alipomwona mtu nywele zake zimetimka, aliuliza iwapo hakupata kitu cha kuziweka sawa, kama alivyosimulia Jabir (R.A) katika Sunan Abi Dawud. Na Ibn Abbas (R.A) amepokewa akisema kuwa anapenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama anavyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Basi mume na mke wanaoweka kioo kizuri chumbani mwao ili wapendezeane wako katika jambo la kheri.

Hata kwa historia ya visiwa vyetu si kitu kigeni. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, anaeleza vyumba vya wenye uwezo wa Unguja vilivyopambwa kwa vyombo na vioo vikubwa vilivyoagizwa Ulaya. Tofauti ni kwamba wakati ule vilikuwa vya wachache, na leo kijana anayeanza maisha anavipata Darajani au Mwanakwerekwe.

Ama taswira ya kiooni, hiyo haiingii katika makatazo ya picha. Ni mwanga unaorudi. Ukiondoka, nayo imeondoka, na hakuna aliyechora wala kuchonga. Hata wanavyuoni waliojadili picha za kamera zilipoanza, akiwemo Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i aliyekuwa Mufti wa Misri, walianzia kwenye jambo ambalo halina mzozo, nalo ni kuwa kujitazama kiooni si kufanya picha.

2. Sitara ya nyumba ndiyo kiini cha mas-ala

Amesimulia Sahl bin Sa'd (R.A), katika Hadithi waliyoiafiki Bukhari na Muslim, kuwa mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume (S.A.W), naye Mtume ana kitana cha chuma anachojikunia kichwa. Mtume (S.A.W) akamwambia kwamba lau angejua kuwa anamchungulia, angemchoma nacho jichoni. Akabainisha kuwa sheria ya kubisha hodi imewekwa kwa ajili ya jicho.

Zingatieni sababu hiyo. Hodi si kwa ajili ya mguu usiingie tu. Mguu unaweza kubaki nje na jicho likawa limeshafika ndani. Ndiyo maana Abdullah bin Busr (R.A) amesimulia, katika Sunan Abi Dawud, kuwa Mtume (S.A.W) akifika mlangoni kwa watu hakuwa akisimama kuuelekea mlango. Alikuwa akisimama pembeni, upande wa kulia au wa kushoto, kisha akitoa salamu.

Wazee wetu waliojenga Mji Mkongwe walilifahamu jambo hili. Mgeni alikaribishwa kwenye baraza ya nje au sebuleni karibu na mlango, na wenye nyumba wakawa na nafasi zao ndani na ghorofani, pahala ambapo jicho la anayebisha halifiki. Nyumba yenyewe ilikuwa inamsaidia mgeni kuinamisha macho.

Sasa chukua nyumba iliyojengwa kwa adabu hiyo, kisha tundika kioo kimoja kwenye ukuta unaoelekea mlango wa mbele. Anayebisha hodi, hata akisimama pembeni kwa kufuata Sunna, mlango ukifunguliwa kidogo tu anaona ukumbi, ujia, na pengine mlango wa chumba cha kulala. Hakuchungulia, wala hakufanya kosa. Mwenye nyumba ndiye aliyemletea mambo ya ndani mpaka kizingitini.

Nimeingia nyumba moja ya jamaa, watu wa heshima na dini, wakanikaribisha ukumbini. Mbele yangu kulikuwa na kioo kizuri kweli. Lakini kupitia kioo kile nilikuwa naona moja kwa moja jikoni, ambako wanawake wa nyumba ile walikuwa wamejifungua mitandio kwa joto la moto, wakiamini kuwa pazia la ujia limewasitiri. Nilibadilisha kiti, na baadaye nikamwita mwenye nyumba faragha. Alikuwa amekaa na kioo kile kwa muda mrefu bila ya kujua, kwa sababu yeye hakai kwenye kiti cha mgeni.

3. Namna mwanga unavyokwenda

Mwanga ukigonga kioo bapa hurudi kwa pembe ileile uliyoingilia, mfano wa mpira unaopigwa ukutani. Na njia ya mwanga ni moja, kwenda na kurudi. Kwa hivyo, ukiyaona macho ya mtu kiooni, jua kwamba naye anaweza kuyaona yako. Usidhani kuwa unamwona bila ya yeye kukuona.

Kutokana na hilo tunapata njia nyepesi ya kupima. Kabla hujatoboa ukuta, fanya haya:

Kwanza, mpe mtu akishikilie kioo pale unapotaka kukitundika, kwa urefu uleule.

Pili, nenda ukasimame pale anaposimama anayebisha hodi, mlango ukiwa wazi kidogo na kisha ukiwa wazi wote. Halafu kaa kwenye kila kiti cha mgeni. Kisha simama kwenye ujia na kwenye ngazi.

Tatu, jiulize unaona nini. Ukiona ukuta, pazia la dirisha, au ukumbi wa wageni wenyewe, hapana neno. Ukiona kitanda, mlango wa choo, jiko, ua wanapofulia wanawake, au dirisha la jirani, kisogeze. Mara nyingi inatosha kukipeleka kwenye ukuta wa pembeni.

Nne, rudia kipimo hicho usiku taa zikiwa zimewashwa na milango ya vyumba ikiwa wazi, kwa sababu pahala palipokuwa na kiza mchana huonekana wazi usiku.

Pahala pa kuangaliwa zaidi ni mlango wa chumba cha kulala. Allah ametaja katika Surat An-Nur, Aya ya 58, nyakati tatu ambazo hata watoto wa nyumbani wanatakiwa wabishe hodi: kabla ya swala ya Alfajiri, wakati wa kupumzika mchana, na baada ya swala ya Isha. Kioo cha kabati kinachoelekea mlango hufuta faida ya agizo hilo, kwani mtoto akiusukuma mlango kidogo, kabla hajabisha, ameshaona kitanda kiooni. Geuza kabati, au tia pazia kwa ndani ya mlango.

Na jirani ana haki yake. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na nyumba za mitaa mipya nazo zimebanana. Kioo kilichowekwa karibu na dirisha kinaweza kukuonyesha ua wa jirani kila unapochana nywele. Nawe hukukusudia, lakini ukishajua, kukiacha hapo ni jambo jengine.

4. Shubuha ya anayesema "ni taswira tu"

Huenda msomaji aliyesoma fiqhi akasema kuwa baadhi ya mafaqihi wa madhehebu yetu ya Shafi'i, akiwemo Ibn Hajar al-Haytami katika Tuhfa, wametaja kuwa kuona taswira ya mwanamke ajnabi kwenye kioo au majini hakuna hukumu ya kumwona yeye mwenyewe. Ni kweli wametaja. Lakini maneno yao yasomwe yote, kwani wameshurutisha kusiwe na khofu ya fitna wala matamanio. Na vioo vya leo vinaonyesha kila kitu, mpaka rangi ya hina mkononi. Nani atakayejidhaminia nafsi yake?

Zaidi ya hapo, mafaqihi hao walikuwa wanazungumzia dhambi ya mtazamaji. Hawakumruhusu mwenye nyumba aanike sitara ya watu wake. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na amana ya nyumba iko shingoni mwa mwenye nyumba.

5. Vioo vya madirisha na kamera ya simu

Limeenea sasa dirisha lenye kioo cha kung'aa, ambalo aliye nje hujiona mwenyewe na aliye ndani humwona. Familia nyingi zimeondoa mapazia kwa kulitegemea. Lazima lieleweke jinsi linavyofanya kazi. Kioo hicho hakina upande wa siri. Kinarudisha sehemu ya mwanga na kupitisha sehemu, na upande wenye mwanga mwingi ndio unaoona kioo. Mchana mwanga mwingi uko nje, basi aliye nje hujiona yeye. Usiku ukiwasha taa, mambo hugeuka: wewe uliye ndani unajiona mwenyewe dirishani, na aliye njiani anakuona wewe. Jaribu leo baada ya Magharibi. Washa taa ya chumba, toka nje, utazame.

Katika Surat An-Naml, Aya ya 44, Allah ametusimulia habari ya Malkia wa Saba-a alipoingia katika kasri la Nabii Sulayman ('alayhis salaam). Sakafu ilikuwa ya vioo, akadhani ni maji, akapandisha nguo mpaka miundi ikaonekana. Alikuwa mwanamke mwenye akili na mtawala, lakini kioo kilimdanganya jicho. Basi sisi tusijiamini kupita kiasi. Pazia zito la usiku ni lazima hata kama dirisha lina kioo cha kung'aa.

Jambo la pili ni simu. Watu wanazungumza kwa video na jamaa walioko Muscat, Dubai au Uingereza, na wanapiga picha za ukumbi mpya kuzituma kwenye makundi ya familia. Nyuma ya anayezungumza kuna kioo, na ndani ya kioo kuna mama aliyejinyoosha bila ya mtandio, au dada anayenyonyesha. Anayetuma haoni kwa sababu anajitazama yeye. Picha ikishatoka hairudi. Wafundisheni vijana wenu wasipige picha wala video kuelekea kioo mpaka watazame kwanza kilichomo ndani yake.

6. Kioo na swala

Mtume (S.A.W) aliswali akiwa amevaa nguo yenye nakshi, na alipomaliza akaagiza nguo ile ipelekwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo yake isiyo na nakshi, kwa sababu ile ilikuwa imemshughulisha katika swala. Amesimulia Bi Aisha (R.A), na imo katika Bukhari na Muslim. Vilevile Anas (R.A) amesimulia katika Bukhari kuwa Bi Aisha alikuwa na pazia la rangi upande mmoja wa nyumba, na Mtume (S.A.W) akamwambia aliondoe kwa kuwa taswira zake zilikuwa zikimjia ndani ya swala.

Ikiwa nakshi ya nguo na pazia vinashughulisha, je, kioo ambacho ndani yake unajiona unavyorukuu, na unamwona mtoto anavyopita nyuma yako? Kwa hivyo swala mbele ya kioo inasihi, haibatiliki, lakini ni makruhu kwa anayeshughulishwa nayo, kwani inaondoa khushuu ambayo ndiyo roho ya swala.

Kwetu visiwani jambo hili ni jepesi kulipanga. Makka iko karibu kaskazini yetu moja kwa moja, na ndiyo maana wazee wetu wakisema "kibla" huwa wanakusudia kaskazini. Basi katika chumba mnachoswalia, acheni ukuta wa kibla uwe mtupu. Wekeni kioo ukuta wa kusini au wa ubavuni. Ikiwa kabati la kioo limekaa kibla na haliwezi kusogezwa, wekeni kitambaa cha kushusha wakati wa swala. Shilingi chache za kitambaa zinanunua utulivu wa swala tano kila siku.

7. Kuchagua kioo

Ukubwa. Watu wengi wanadhani kuwa ili mtu ajione mwili mzima anahitaji kioo cha kimo chake. Sivyo. Kwa hesabu ya kurudi kwa mwanga, nusu ya kimo chako inatosha, na kusogea mbali hakubadilishi. Mtu wa sentimita 170 anatoshwa na kioo cha sentimita 85 kikitundikwa pahala pake. Kwa familia, kioo cha urefu wa sentimita 100, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 70 kutoka sakafuni na wa juu sentimita 170, kinamwonyesha mwili mzima mwenye kimo cha sentimita 150 na mwenye 175. Basi kabla ya kununua kioo cha mita mbili, jiulize iwapo unanunua haja au unanunua macho ya wageni.

Israfu. Allah ametukataza kufanya israfu katika Surat Al-A'raf, Aya ya 31, na katika Aya inayofuata akamkemea anayeharamisha mapambo aliyowatolea waja Wake. Njia iko baina ya hayo mawili. Bi Aisha (R.A) alipoweka kitambaa cha mapambo mlangoni, Mtume (S.A.W) alikivuta na kubainisha kuwa Allah hakutuamrisha kuyavisha nguo mawe na udongo, kama ilivyo katika Sahih Muslim. Imam Nawawi amesema kuwa hilo si la kuharamisha, bali ni ukaraha. Kioo kimoja au viwili vyenye kazi ni pambo. Kufunika kuta zote kwa vioo hali ada ya madrasa ya mtoto haijalipwa, au kwa kukopa, hapo ndipo penye neno.

Fremu. Rangi ya dhahabu si dhahabu, kwa hivyo haina ubaya. Dhahabu au fedha halisi, hizo zimekatazwa katika vyombo vya matumizi kwa wanaume na wanawake. Wapo waliouliza kuhusu nyuma ya kioo, kwani vioo vingi hupakwa fedha, njia aliyoigundua mkemia wa Kijerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na vyengine hupakwa aluminiamu. Tabaka hilo ni jembamba mno na limefunikwa kwa rangi. Hukumu yake inakurubia ile waliyoitaja Mashafi'i juu ya chombo kilichopakwa kidogo kiasi ambacho hata kikitiwa motoni hakitoki kitu, nayo katika kauli yenye nguvu ni kujuzu. Basi musijitie uzito.

Fremu yenye sanamu za viumbe vyenye roho, kama ndege na simba waliochongwa kwa vichwa vyao, iacheni. Mtume (S.A.W) ametueleza kuwa Malaika hawaingii nyumba yenye sanamu. Majani, maua, na nakshi za milango yetu ya Kizanzibari ni pambo tosha.

Maandishi. Vinauzwa vioo vilivyoandikwa Ayatul Kursiy au Majina ya Allah. Imam Nawawi katika At-Tibyan ametaja kuwa katika madhehebu yetu ni makruhu kunakshi kuta kwa Qur-aan na Majina ya Allah. Kwenye kioo ni zaidi, kwani mtu atasimama mbele ya Aya akichana nywele, au akiwa hajajisitiri. Qur-aan isomwe katika nyumba, hilo ndilo pambo lake.

8. Kutundika kwa usalama

Mtume (S.A.W) ameweka msingi kuwa kusiwe na kujidhuru wala kumdhuru mwengine. Kioo ni kizito kuliko kinavyoonekana. Kila mita ya mraba, kwa kila milimita moja ya unene, ina uzito wa kilo 2 na nusu. Kioo cha sentimita 100 kwa 50 chenye unene wa milimita 4 ni kilo 5 bila ya fremu. Lakini cha mita 2 kwa mita 1.2 chenye unene wa milimita 5 ni kilo 30. Huo hautundikwi kwa msumari mmoja na uzi.

Ukuta wa matofali ya saruji unashika vizuri kwa skrubu na plagi. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa si hivyo, plasta yake humung'unyuka na msumari hulegea taratibu mpaka siku moja ukatoka. Toboeni mpaka mufike kwenye jiwe, tumieni skrubu ndefu, zisipungue mbili, na mumwite fundi kwa kioo kikubwa.

Vioo virefu vinavyoegemezwa ukutani vifungwe kwa juu. Mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote anachokiona, na kilo 30 za kioo zikimwangukia ni msiba. Usikitundike pia juu ya kitanda cha mtoto.

Unyevu na chumvi ya bahari huingia pembezoni mwa kioo na kula ile rangi ya nyuma, ndipo yanapotokea madoa meusi. Acheni nafasi ndogo baina ya kioo na ukuta ili hewa ipite, na mukisafishe kwa kitambaa chenye maji kidogo. Musimwagie maji.

Ama vile vioo vidogo vilivyobonyea vinavyokuza uso, visiachwe dirishani. Vinakusanya jua pahala pamoja na vinaweza kuunguza pazia.

9. Itikadi za kuachwa

Kioo hakivuti radi. Anayekifunika kwa kuamini hivyo hajapata kinga yoyote. Wala hakuna dalili ya kufunika vioo anapofariki mtu nyumbani, wala kuwa kioo kikivunjika ni dalili ya nuksi, wala kuwa mtoto mchanga akijiona kiooni atachelewa kusema. Mtume (S.A.W) ameieleza itikadi ya nuksi kuwa ni katika ushirikina. Kioo kikivunjika, kusanya vipande watu wasijikate, kisha endelea na shughuli zako.

Wapo wanaotundika kioo kidogo juu ya mlango ili kirudishe hasadi. Jicho ni kweli, imethibiti katika Hadithi sahihi. Lakini kinga yake ni adhkari za asubuhi na jioni na Mu'awwidhatayn. Kutundika kitu kwa itikadi kuwa kinakinga ni katika hirizi alizozikataza Mtume (S.A.W).

Baya zaidi ni kwenda kwa anayetazamia kwa kioo ili amjue aliyeiba au aliyeroga. Katika Sahih Muslim imekuja kuwa anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza jambo, swala yake haikubaliwi siku 40. Kioo hakijui ghaibu. Na majirani wangapi wamekosana kwa jina lililotajwa na mtu aliyeshika kipande cha kioo?

10. Adabu ya kujitazama

Ni vizuri mtu anapoliona umbo lake amshukuru Allah, na amwombe aifanye nzuri tabia yake kama alivyolifanya zuri umbo lake. Dua hiyo imethibiti. Ama riwaya zinazoifunga na wakati wa kutazama kioo, hizo zina udhaifu, kwa hivyo iombwe wakati wowote.

Na watoto wetu, hasa mabinti, wafundishwe kuwa kioo ni cha kujiweka nadhifu. Asimame mbele yake, atengeneze mtandio, ashukuru, aondoke. Akikaa mbele yake saa nzima akijitafuta kasoro au akijistaajabia, hapo mzazi azungumze naye kwa upole, kwani yote mawili humpeleka pabaya: la kwanza kutoridhika na alivyoumbwa, na la pili kibri.

Kwa ufupi

Kioo cha mapambo ni halali. Kisielekee mlango wa nje, kitanda, choo, jiko wala dirisha la jirani. Kisiwe ukuta wa kibla, au kifunikwe wakati wa swala. Kisiwe na sanamu wala Aya. Kisiwe cha israfu. Kifungwe imara. Na kisitegemewe kwa kinga wala kwa habari za ghaibu.

Mtume (S.A.W) amemfananisha Muumini kuwa ni kioo cha nduguye Muumini, kama ilivyopokewa na Abu Dawud kutoka kwa Abu Hurayra (R.A). Basi ukiingia nyumba ya nduguyo ukaona kioo chake kinafichua yasiyofaa kufichuliwa, usikae kimya, wala usilitangaze barazani. Mwambie yeye peke yake, kwa upole. Na leo usiku, kabla hujalala, chukua kiti chako mwenyewe, kakae pahala anapokaa mgeni wako, utazame.

Tunamwomba Allah azisitiri nyumba zetu, atusitiri duniani na Akhera, na azijaalie ziwe pahala pa utulivu na dhikri. Aamiyn.

Wallahu a'lam.